Marejesho Asilimia Mia, Halafu?

Taasisi ikiniita nipime kama mikopo yake imewasaidia maskini, kitu cha kwanza ninachowekewa mezani ni asilimia ya marejesho. 98, 99, meneja anatabasamu. Mimi huiweka pembeni. Hiyo ni afya ya taasisi, ya mkopaji bado hatujaigusa.

Swali ninalolitegemea kuliko yote ni hili: "Mama, rejesho la wiki iliyopita ulilitoa wapi?" Muuza mitumba wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, atajibu bila kufikiri: kwenye mauzo. Hela yake inazunguka kila siku. Sasa panda Uyole kwa mkulima wa viazi. Kakopa Desemba anunue mbegu na mbolea, viazi vitakaa ardhini miezi mitatu hadi minne, lakini rejesho linaanza wiki inayofuata. Atalitoa wapi? Anauza debe la mahindi ya chakula, anakwenda kibarua shamba la jirani huku lake likiota magugu, au anachukua kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kali, kuziba pengo. Kwenye daftari la afisa mikopo, hawa wawili ni wateja wazuri sawasawa.

Msimu nao unadanganya. Julai mahindi yameshavunwa, kila nyumba inashiba. Februari watu wanakung'uta gunia la mwisho. Ukihoji Februari kabla ya mkopo, ukarudi Julai, utatangaza mafanikio ambayo ni ya mavuno tu. Kwa hiyo nahoji mwezi uleule, tena nalinganisha na kijiji kinachofanana ambako mkopo haujafika. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Moroko na Mongolia, zilikwenda mbali zaidi: nani afikiwe na mkopo kwanza iliamuliwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya biashara zilipanuka, ila kipato cha kaya kwa ujumla hakikupanda kwa namna ya kumtoa mtu kwenye umaskini. Wafadhili wengi hawapendi nikiwatajia hilo.

Halafu kuna waliotoka. Orodha ninayopewa ni ya wateja hai. Yule ambaye wanakikundi wenzake, wadhamini wake, walimbebea cherehani na godoro kufidia deni, hayumo. Pengine alishahamia Makambako kwa dada yake. Bila yeye, wastani wowote nitakaoandika utapendeza kuliko hali halisi, na gharama ya kumtafuta ndiyo mstari wa kwanza kukatwa kwenye bajeti yangu.