Mti wa Shambani ni wa Nani? Somo la Shinyanga kwa Sera ya Kilimo Mseto

Mche wa mgunga ukichipua wenyewe katikati ya mahindi, mkulima huamua: auache au aupitishie jembe. Semina aliyohudhuria ina uzito mdogo katika uamuzi huo kuliko jambo moja, yaani kama ana imani kwamba mti ukikomaa ataruhusiwa kuuvuna. Akihofia kuzungushwa na vibali, au mzigo wake kukamatwa kwenye geti la maliasili, ataung'oa ungali mdogo. Kwa hiyo tunapozungumzia kuaminiana kwa wadau wa kilimo mseto, yaani kukuza miti pamoja na mazao na mifugo, tuanzie hapo, kwenye haki ya mti. Warsha na makongamano yafuate.

Niger ilijifunza hili kwa uchungu. Sheria zilizotoka enzi za ukoloni wa Ufaransa ziliufanya mti kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyekata hata ule wa shambani kwake aliweza kutozwa faini. Kuanzia miaka ya 1980, maofisa misitu walipolegeza mkono, wakulima wa Maradi na Zinder walianza kuyatunza machipukizi ya visiki vilivyokuwa ardhini. Leo eneo lenye miti iliyorudi namna hiyo linakadiriwa kufikia hekta milioni 5, nyingi bila mche hata mmoja wa kitaluni.

Kwetu Tanzania mfano ulio karibu ni Shinyanga. Misitu yake ilifyekwa kuwaangamiza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza, nyasi na miti vipate kukua, kisha huyafungua kiangazi kikibana. Mwenyewe akihamishwa, nani atalifunga eneo? Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ilianza na vitalu na miche. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali kujenga juu ya ngitili, utaratibu ambao wananchi walikuwa nao tayari. Mipaka na adhabu zilisimamiwa na serikali za vijiji pamoja na dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi), vyombo ambavyo watu walivitambua. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilikuwa zimeenea katika mamia ya vijiji, zikitoa kuni, dawa, asali na nyasi za kuezekea.

Hata hivyo, tusiipambe Shinyanga kupita kiasi. Mwenye ng'ombe wengi alinufaika na ngitili kuliko kaya isiyo na mfugo. Mwanamke anayeokota kuni hana uhakika wa kusikilizwa mahali ambapo mipaka huamuliwa na wazee wa kiume. Ushirikiano unaowaacha watu hao nje hauwezi kudumu, maana ndio wanaoingia porini kila siku, na ndio wa kwanza kuona mpaka ukivunjwa.

Ngazi ya juu nako kuna kazi. Kilimo mseto hugusa kilimo, misitu, mifugo, maji na ardhi kwa wakati mmoja. Afisa ugani akimwambia mkulima apande, na afisa misitu akamzuia kuvuna, mkulima haoni idara mbili. Anaona serikali moja yenye kauli mbili. Hapo imani huvunjika, na kuirudisha huchukua miaka. Maofisa hao wakubaliane kwanza, kwa maandishi, ni miti ipi ya shambani inahitaji kibali, nani anakitoa na kwa siku ngapi. Kisha waende pamoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji wakaisome kauli hiyo moja.

Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya huzithibitisha. Kabla ya kupeleka rasimu wilayani, waulizwe wafugaji wanaopita kiangazi na wanawake wanaotafuta kuni, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.