Acheni Kuniambia Kwamba Mswada Umekufa

Kazi yangu ni kufuatilia miswada ya Bunge la Jimbo la Texas kwa niaba ya makarani wa kaunti, maofisa wanaotunza kumbukumbu za umma za kaunti zao, na hakuna kauli inayonichosha kama hii niliyoletewa tena juzi: «Ule mswada umekufa, uutoe kwenye orodha.» Aliyeisema ni ofisa mzoefu, mwenye nia njema, ambaye alikuwa ameona kwenye tovuti ya Bunge kwamba mswada uliomtia hofu umekwama katika kamati na tarehe ya mwisho imepita. Alichokiona ni kweli. Alichokihitimisha kina hatari, na kwa kuwa nimekwisha kuieleza hoja hii kwa simu na kwa barua pepe mara nyingi mno, leo naiandika kwa kirefu.

Karani hatekelezi namba ya mswada. Anatekeleza maneno, na maneno ya mswada huhama. Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida kila mwaka wa witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Siku ya 60 dirisha la kuwasilisha hufungwa kwa miswada mingi, na siku ya 122 ndiyo ya mwisho kwa Baraza la Wawakilishi kujadili miswada yake yenyewe katika usomaji wa pili. Usiku huo miswada mingi sana hukwama, na asubuhi yake ndipo simu za pongezi, eti hatari imepita, zinapoanza kuingia. Lakini miswada ya Seneti bado inatembea, mingine ikiwa na mada ile ile, na mbunge aliyepoteza mswada wake huchukua aya zake akaomba ziingizwe humo kama marekebisho. Kanuni inadai kwamba marekebisho yahusiane na mada ya mswada unaoyabeba. Hata hivyo, kanuni hiyo hufanya kazi pale tu mbunge mwingine anaposimama kuweka pingamizi. Pasipo pingamizi, aya zinaingia. Baadaye kuna kamati ya maridhiano, inayooanisha matini ya Baraza na ya Seneti, yenye wajumbe watano kutoka kila upande, ambayo ripoti yake hufika sakafuni siku za mwisho kabisa, na wajumbe huipigia kura ya ndiyo au hapana bila nafasi ya kuirekebisha.

Anayedhani natia chumvi akumbuke mwaka 2021. Mswada wa Seneti namba 7, uliobadilisha kwa kina uendeshaji wa uchaguzi, ulikwama usiku wa Mei 30 baada ya wabunge wa chama cha Democratic kutoka ukumbini na kuvunja akidi, ambayo ni theluthi mbili ya wajumbe. Kwa kipimo cha tovuti, mswada ule ulikufa. Kisha gavana akaitisha vikao maalumu, kama katiba ya jimbo inavyomruhusu, kila kimoja kikiwa na ukomo wa siku 30 na ajenda anayoipanga yeye. Sehemu kubwa ya masharti yale ilirudi kama mswada wa Seneti namba 1, ukapitishwa mwishoni mwa Agosti, ukasainiwa Septemba 7 na kuanza kutumika Desemba 2. Uchaguzi wa awali, ule wa kuteua wagombea wa vyama, ulikuwa Machi 1, 2022. Ofisi za uchaguzi zilipata muda mfupi sana wa kubadilisha fomu na bahasha za kura za posta na kuwafundisha wafanyakazi, na katika uchaguzi huo zaidi ya kura 24,000 za posta zilikataliwa, nyingi kwa sababu ya sharti jipya la namba ya utambulisho. Hao ni wapiga kura halisi, wengi wao wazee na watu wenye ulemavu, maana ndio hasa wanaoruhusiwa na sheria ya Texas kupiga kura kwa posta. Kwa sababu yao sikubali orodha ipunguzwe mwezi Mei.

Kosa la pili ni kutafuta neno «karani» katika vichwa vya miswada. Majukumu ya karani wa kaunti yametawanyika katika sheria za familia, za mali, za mirathi, za afya na za uchaguzi. Ndiyo maana wasemaji wa Kiswahili walioko Houston hufika katika ofisi hiyo hiyo kwa leseni ya ndoa na kwa kusajili jina la biashara. Mswada wa Seneti namba 41 wa mwaka 2021 ulipanga upya gharama za mashauri ya madai tangu Januari 1, 2022, ukawalazimu makarani kubadilisha jinsi wanavyotoza na kugawa ada, ilhali kichwa chake kilizungumzia gharama za mahakama tu.

Kuhusu gavana nitasema kwa ufupi: asiposaini, mswada huwa sheria. Ana siku 10, Jumapili zikitolewa, Bunge likiwa kikaoni, na siku 20 tangu kikao kuvunjwa kwa miswada inayomfikia mwishoni. Kutosaini hakuui kitu. Tarehe ya kuanza kutumika isomwe katika kifungu cha mwisho cha mswada wenyewe. Theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila upande wanaweza kuifanya sheria ianze mara moja, na pasipo kura hiyo husubiriwa siku 90 baada ya kikao kuvunjwa.

Linaloniumiza kichwa kuliko yote ni vizingiti vya idadi ya watu. Katiba ya Texas, Ibara ya 3, kifungu cha 56, inazuia Bunge kutunga sheria mahususi kwa kaunti moja katika mambo mengi, hivyo watunga sheria huandika «kaunti yenye watu zaidi ya kiasi fulani» bila kuitaja kwa jina. Mswada wa Seneti namba 1750 wa mwaka 2023 ulipowasilishwa ulilenga kufuta ofisi za wasimamizi wa uchaguzi katika kaunti zenye zaidi ya watu milioni 1. Baadaye kizingiti kikapandishwa hadi milioni 3.5, na Harris, kaunti yenye jiji la Houston, ikabaki peke yake. Ofisi ya msimamizi wa uchaguzi wa Harris ikafutwa, na kazi zake zikarudi kwa karani wa kaunti na kwa mkadiriaji na mkusanyaji wa kodi kuanzia Septemba 1, 2023, huku uchaguzi wa meya wa Houston ukisubiriwa Novemba 7. Kaunti ya Harris ilikwenda mahakamani, lakini Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo iliiacha sheria ianze. Hali ya mswada kwenye tovuti isingekuonyesha lolote kati ya haya: tarakimu moja ilibadilika, na kaunti nne nyingine kubwa zenye ofisi kama hiyo zikapumua.

Vitabu vya mafunzo huandika kana kwamba mpaka kati ya uainishaji halali wa kaunti kwa idadi ya watu na sheria mahususi unajulikana. Mimi siuoni. Nimesoma hukumu, nimewauliza mawakili, na bado siwezi kumwambia karani kwa uhakika ni kizingiti kipi kitasimama mahakamani na kipi kitaanguka. Pia sina uhakika kwamba utafutaji wangu wa maneno unanasa kila kitu katika maelfu ya miswada inayowasilishwa kila kikao. Nina hakika tu kwamba kusoma matini kunanasa zaidi.

Jambo moja ambalo halina shaka ni kwamba «idadi ya watu» katika sheria za Texas humaanisha sensa ya taifa ya kila miaka kumi iliyo ya karibuni, isipokuwa sheria iseme vingine. Makadirio ya kati hayahesabiki. Kaunti ya Denton ilikuwa na watu 906,422 katika sensa ya 2020, na inakua kwa kasi. Sensa ya 2030 ikiivusha milioni 1, itaingia ndani ya kila sheria yenye kizingiti hicho bila mswada wowote kupigiwa kura, isipokuwa Bunge livirekebishe vizingiti vyenyewe, kama lilivyofanya mwaka 2023 kwa mswada wa Baraza namba 4559. Karani wa kaunti iliyo karibu na kizingiti aanze sasa kuziorodhesha sheria hizo, kifungu kwa kifungu, pamoja na fomu na ada zitakazobadilika siku hiyo.