Reli ya Tanga na ya Dar hazikuzaliwa pamoja

Barazani Ngamiani, mjini Tanga, utaambiwa Mjerumani ndiye aliyeunganisha Tanga na Dar es Salaam kwa reli. Sivyo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Kampuni ikaishiwa fedha hata kabla ya kufika Korogwe, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899, na Moshi ikafikiwa 1911. Ya Dar ilianza 1905 kuelekea Kigoma. Kila moja ilikuwa na bandari yake, basi nani angeharakisha kuziunganisha?

Mwingereza aliiunganisha ya Tanga na Voi, huko Kenya, kupitia Kahe, lakini hiyo ilikuwa shughuli ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilichoziunganisha Tanga na Dar ni kipande cha kutoka Ruvu, kwenye reli ya Dar, hadi Mnyusi, kwenye ya Tanga; kilikamilika 1963, nchi ikiwa tayari huru. Ukitokea Tanga, Mnyusi unaikuta ukishapita Muheza, kabla ya Korogwe.