Kufuta jina la mwanafunzi hakutoshi

Baadhi ya wafanyakazi wa vyuo huamini kwamba ukishafuta jina la mwanafunzi, taarifa zake ni salama kubandikwa kwenye programu ya akili mnemba. Nia ni njema. Lakini mtu hutambulika pia kwa mambo yanayomzunguka: kozi yenye wanafunzi watano, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa uliomfanya aahirishe mtihani. Yakiunganishwa, mwenyewe hujulikana. Kabla ya kubandika, soma upya maandishi yako, ujiulize kama mwenzako wa idarani angemtambua mhusika. Kisha fungua mipangilio ya programu uone kama mazungumzo huhifadhiwa au hutumika kuifunza. Ukitaka tu msaada wa kuandika barua, weka mfano wa kubuni. Habari za ugonjwa wa mwanafunzi, kwa maoni yangu, zibaki kwenye faili lake.