Mahakama ya Madai Madogo: tunayoyaamini na yalivyo

Hapa Kenya "tutaonana kortini" mara nyingi huwa maneno ya hasira tu. Anayetisha na anayetishwa wote wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba kesi ya shilingi elfu themanini itakula miaka mitano na pesa za wakili kupita deni lenyewe. Tangu Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilipoanza kazi Milimani, Nairobi, hesabu hiyo imebadilika. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Muda huo hupitwa wakati mwingine, na majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama hukumu iliyochelewa bado ina nguvu.

Jina nalo linapotosha. "Madogo" si vijisenti: kikomo ni shilingi milioni moja. Sheria ya 2016 ilianza na laki mbili, kiwango kikapandishwa 2020. Anayedai milioni moja na laki mbili hawezi kuikata iwe kesi mbili, ila anaweza kuzisamehe zile laki mbili akaingia.

Dhana iliyowanyima watu wengi haki yao ni hii: "Hatukuandikiana, basi sina kesi." Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, na mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa ilitoka lini na kwenda kwa nani. Peke yake hautoshi, maana mwenzako atasema ilikuwa zawadi, au wewe ndiye uliyekuwa ukimlipa. Hapo ndipo WhatsApp inapoingia. Mtu aliyekuandikia "nivumilie hadi mwisho wa mwezi" amekiri deni kwa kidole chake mwenyewe, kwa hiyo usifute mazungumzo kwa hasira. Mdhamini ndiye tofauti: aliyesema "asipolipa nitalipa mimi" hashikiki bila maandishi yenye sahihi. Muda pia una mwisho, miaka sita kwa deni la makubaliano, na mitatu kwa mali iliyoharibiwa, kama gari lililogongwa.

Wengine hudhani kila ugomvi wa pesa unapokelewa. Fundi aliyepaka nyumba rangi kwa bei ya kuelewana akazungushwa, karibu. Mlinzi asiyelipwa mshahara, hapana. Kesi za ajira zina njia yake. Ugomvi wa umiliki wa shamba na kesi za kuchafuliwa jina pia hazisikilizwi hapa.

Wakili si lazima, ingawa ukishtaki kampuni usishangae ikija naye. Na anayepanga "nikishindwa nitakata rufaa" ajue Mahakama Kuu itasikiliza hoja za sheria tu, haitarudia kuuliza nani alisema nini.

Kuna wanaopita kituo cha polisi kwanza ili mdeni "alale ndani kidogo". Deni si jinai, na askari si mkusanya madeni. Hata kifungo cha madai, ambacho kingali katika sheria zetu, ni cha anayeweza kulipa akakataa. Asiye na kitu hafungwi kwa umaskini wake.

Lakini dhana ninayoiona mbaya kuliko zote ni ya kwamba ukishinda umelipwa. Hukumu ni karatasi. Mdaiwa akinyamaza, ni juu yako kuomba amri ya utekelezaji, dalali wa mahakama aende akaandike mali, au pesa zizuiwe benki. Dalali naye hachukui kila kitu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na vifaa vya kazi vya fundi haviguswi. Ukiviondoa hivyo, nyumba nyingi hubaki na runinga na makochi. Kabla ya kulipia fomu ya kufungua kesi, ulizia mdeni wako anafanya kazi wapi, anatumia benki gani, na lile gari analoendesha limeandikishwa kwa jina la nani.