Je, Wajua Kwa Nini Mashabiki wa NFL Hugombana Timu Yao Ikimchagua Mkimbiaji Mapema?

Drafti ya NFL, yaani siku ambazo ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani hugawana wachezaji wapya, hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York. Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, jogoo wa kwanza bado hajawika. Drafti ya Aprili 26, 2018 ilileta kioja ambacho hadi leo hakijaacha kubishaniwa. New York Giants, wenye zamu ya pili, walimchagua Saquon Barkley, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Penn State mwenye umri wa miaka 21. Kuna mashabiki wa Giants waliorukaruka kwa furaha, na kuna waliojishika kichwa kama waliopokea habari za msiba.

Cha ajabu ni kwamba hata waliojishika kichwa walikubali kuwa kijana ana kipaji kikubwa. Kwa nini basi mtu alie timu yake inapopata mchezaji hodari?

Tuanze na kazi yenyewe. Katika futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inaongezewa manne mengine, ikishindwa inauachia mpira. Kusogea kuna njia mbili, kuurusha mpira au kukimbia nao. Mrushaji ni kwotabeki. Anayekabidhiwa mpira mkononi na kuambiwa apenye ni raningibeki, ambaye hapa nitamwita mkimbiaji. Mbele yao husimama wazuiaji watano, majitu ya kilo 135 na zaidi, ambao kazi yao ni kuwasukuma maadui pembeni ili njia ipatikane. Majina yao ni nadra kutangazwa, lakini mashabiki wanaoujua mchezo huwatazama wao kwanza.

Drafti nayo ni utaratibu wa kugawana wachezaji wapya, karibu wote wakitoka vyuo vikuu. Kwa aliyezoea usajili wetu, ambako klabu yenye pesa humfuata inayemtaka, jambo hili linashangaza: timu iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza, na bingwa hungoja mwisho wa raundi. Timu ni 32, raundi ni 7. Mchezaji hachagui pa kwenda. Ila zamu zenyewe zinauzwa: unaweza kuitoa zamu yako ya juu ukapewa kadhaa za chini, au ukafanya kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys walitengeneza jedwali la alama ili wasipunjwe katika biashara hiyo. Zamu ya kwanza waliipa alama 3,000, ya pili 2,600, na ya 32 alama 590 tu. Kwa hiyo Giants walikuwa wameshika hazina usiku ule.

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi, yaani pesa. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, malipo ya mchezaji mpya hufuata namba aliyochaguliwa, nafasi anayocheza haiangaliwi. Aliyechaguliwa wa pili hupata mkataba wa miaka minne unaolingana, awe kwotabeki au mkimbiaji. Wa Barkley ulikuwa wa dola milioni 31 hivi. Lakini kwa wachezaji waliokwisha kukomaa, bei za nafasi hizo mbili zinapishana mno. Mwaka 2024 Dak Prescott, kwotabeki wa Cowboys, alisaini mkataba wenye wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Mwaka huohuo Christian McCaffrey aliongoza wakimbiaji wote kwa malipo, na wastani wake ulikuwa dola milioni 19. Kumbuka pia kwamba kila timu ina kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kikosi kizima.

Ukipiga hesabu hiyo utaelewa kilio cha shabiki. Timu inayompata kwotabeki mzuri kwa drafti huokoa makumi ya mamilioni kila mwaka, kwa miaka minne, na pesa hizo zinanunua mabeki, wazuiaji na wapokeaji. Timu inayompata mkimbiaji mzuri kwa zamu ileile huokoa kidogo sana, kwa sababu hata angenunuliwa sokoni asingekuwa ghali kiasi hicho. Usiku ule wa 2018, kwotabeki Josh Allen alikuwa bado hajachukuliwa. Buffalo walimpata zamu ya 7. Kwotabeki mwingine, Lamar Jackson, aliachwa hadi zamu ya 32. Giants wao walikuwa wakimtegemea Eli Manning, kwotabeki mwenye miaka 37.

Halafu kuna mwili. Mkimbiaji hugongwa karibu kila anapoushika mpira, na anaweza kuushika mara 20 kwa mchezo mmoja. Barkley aliuanza vizuri mno: msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 1,307, akapokea pasi 91 na kutangazwa mchezaji mpya bora wa upande wa ushambuliaji. Giants walishinda michezo 5 wakapoteza 11. Septemba 2020, katika mchezo wa pili wa msimu huko Chicago, kano ya goti ikakatika. Mkataba ulikuwa wa miaka minne, na mwaka mmoja kati ya hiyo uliishia hospitalini na kwenye mazoezi ya kutembea upya.

Waliokaa miaka mingi kwenye mchezo huu hukumbuka jingine la aina hiyo. Mwaka 1995 Cincinnati Bengals walitoa zamu zao mbili ili wapande hadi namba 1 wamchukue Ki-Jana Carter. Katika mchezo wake wa kwanza wa kirafiki, mara ya tatu tu kubeba mpira, goti likaharibika. Hakuna mkimbiaji mwingine aliyechaguliwa wa kwanza tangu siku hiyo. Na drafti hiyohiyo, raundi ya 6, Denver Broncos walimwokota Terrell Davis kwa namba 196. Davis akakimbia yadi 2,008 mwaka 1998, akachukua ubingwa mara mbili mfululizo, na leo yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Ukisikia mtu anasema mkimbiaji anapatikana popote, ujue anamfikiria Davis. Vijana wa sasa watakutajia Isiah Pacheco, aliyechukuliwa na Kansas City raundi ya 7 mwaka 2022, namba 251, akavaa pete mbili za ubingwa katika misimu yake miwili ya mwanzo.

Fikra hizo ziliitawala ligi kabisa. Mwaka 2013 raundi ya kwanza ilipita bila mkimbiaji hata mmoja, na mwaka 2014 ikawa hivyohivyo; wa kwanza aliitwa katika zamu ya 54. Mwaka 2024 ikajirudia. Wakimbiaji wenyewe waliumia. Julai 2023 kadhaa kati ya wakubwa wao, Barkley akiwemo, walikutana kwa njia ya video kujadili mishahara yao. Nawaelewa. Mtu anayetumia magoti yake kuifikisha timu mbali halafu akaambiwa nafasi yako haina thamani, ana haki ya kuudhika.

Lakini hesabu ya pesa na ya magoti haimalizi jambo, na hapa ndipo mimi huachana na wale wanaosema mkimbiaji asichaguliwe mapema kamwe. Naona swali la maana zaidi ni la mpangilio: timu inamleta mkimbiaji wakati gani wa ujenzi wake?

Itazame tena drafti ya 2018. Zamu ya 3, iliyofuata ile ya Giants, ilikuwa ya Indianapolis Colts, nao walikuwa wameshaiuzia New York Jets mwezi Machi. Wakashuka hadi ya 6 na kupewa zamu tatu za raundi ya 2 juu yake, moja ikiwa ya mwaka uliofuata. Kwa ile ya 6 wakamchukua mzuiaji Quenton Nelson, kwa moja ya zile walizopewa, ya 37, wakamchukua mzuiaji mwingine, Braden Smith. Msimu huo kwotabeki wao alidakwa na mpira mkononi, kabla hajaurusha, mara 18 tu, chini kuliko timu yoyote ya ligi, na timu iliyokuwa imeshinda michezo 4 mwaka uliotangulia ikashinda 10. Kweli, kwotabeki huyo, Andrew Luck, alikuwa amerudi kutoka kwenye jeraha la bega, na hilo lilisaidia sana. Ila alirudi akakuta ukuta.

Giants nao hawakuwapuuza wazuiaji. Walimsajili Nate Solder kwa pesa nyingi na kumchukua Will Hernandez katika zamu ya 34. Ukuta haukusimama. Mchezaji kama Barkley akipewa mpira na kukutana na watu watatu hata kabla hajafika mstari wa mwanzo, miguu yake yote ya dhahabu inaishia kutafuta pa kutorokea. Giants walikuwa wameezeka nyumba ambayo kuta zake hazijafika kwenye linta.

Kinyume chake ni Dallas. Walichukua mzuiaji raundi ya kwanza mwaka 2011, wakachukua mwingine 2013, na wa tatu 2014: Tyron Smith, Travis Frederick, Zack Martin. Ndipo mwaka 2016 wakamwita mkimbiaji Ezekiel Elliott kwa namba 4. Akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,631 katika msimu wake wa kwanza, na Cowboys wakashinda michezo 13 wakipoteza 3. Detroit walifuata njia hiyohiyo. Mwaka 2023 walipomchukua Jahmyr Gibbs kwa namba 12, wachambuzi wengi waliwashangaa, lakini mbele yake tayari walikuwepo Penei Sewell, Frank Ragnow na Taylor Decker, wote watatu wa raundi ya kwanza. Msimu wa 2024 Gibbs alifunga tachidauni 20, yaani aliufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani mara 20, na Lions wakashinda michezo 15.

Turudi kwa Barkley, maana kisa chake hakijaisha. Mwaka 2023 Giants walimfunga kwa kanuni inayoiruhusu timu kumbakisha mchezaji mwaka mmoja kwa malipo yaliyopangwa, mazungumzo ya mkataba mrefu yakavunjika, na Machi 2024 akaondoka. Alikwenda Philadelphia Eagles, mahasimu wa kundi moja na Giants, wanaokutana nao mara mbili kila msimu. Eagles walimpa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75, na hawakutoa zamu hata moja ya drafti.

Je, alikuta nini huko? Kulia alimkuta Lane Johnson, mzuiaji aliyechaguliwa namba 4 mwaka 2013, mwaka uleule ambao raundi ya kwanza haikuwa na mkimbiaji. Kushoto alimkuta Jordan Mailata, Mwaustralia mchezaji wa ragbi ambaye hakuwa amewahi kucheza futiboli ya Kimarekani alipochukuliwa katika zamu ya 233. Drafti yake ilikuwa ileile ya 2018. Usiku Barkley alipotajwa wa pili na nchi nzima ikalipuka, jina la Mailata lilibaki kungoja siku mbili zaidi, na miaka sita baadaye mmoja akawa anapita katika mlango unaofunguliwa na mwenzake.

Oktoba 20, 2024 Barkley alirudi uwanja wa Giants akiwa na jezi ya Eagles. Alikimbia yadi 176, Eagles wakashinda 28 kwa 3. Alimaliza msimu na yadi 2,005, karibu kilomita 1.8 za kukimbia katikati ya watu wanaotaka kukuangusha, akawa mtu wa tisa katika historia ya ligi kuvuka 2,000. Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 28, Eagles waliifunga Kansas City 40 kwa 22 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa NFL. Chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Barkley kilikuwa chema tangu 2018, pete aliipata baada ya kuhama.

Sasa kila kundi linamshika Barkley kama ushahidi wake. Wanaompenda mkimbiaji wanasema, mwaona thamani yake? Wanaopinga wanajibu kwamba aling'aa kwa timu iliyompata bila kutoa zamu ya pili ya drafti. Mimi nawapa haki wote wawili, na naamini Giants walimjua vizuri mtu waliyemchagua. Walikosea saa.

Historia ya drafti yenyewe ina jambo la kufurahisha hapa. Wazo la kugawana wachezaji kwa zamu lilitolewa na Bert Bell, mmiliki wa Eagles hao hao, na drafti ya kwanza ikafanyika Philadelphia mwaka 1936. Mchezaji wa kwanza kabisa kuitwa, na Eagles wenyewe, alikuwa mkimbiaji: Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Haki zake zikahamishiwa Chicago Bears, hawakuelewana juu ya pesa, na Berwanger hakucheza hata mchezo mmoja wa NFL.

Ugomvi uliwaka tena Aprili 2025, drafti ilipofanyika Green Bay. Las Vegas Raiders, waliokuwa wa mwisho katika ligi kwa yadi za kukimbia msimu uliotangulia, walimchukua Ashton Jeanty wa Boise State kwa namba 6. Kijana huyo alikuwa ametoka kukimbia yadi 2,601 katika msimu mmoja wa chuo, zikibaki 28 tu kuivunja rekodi ya michezo ya vyuo (NCAA) ambayo Barry Sanders aliiweka mwaka 1988 kwa yadi 2,628. Wazuiaji Raiders waliwachukua pia, wawili kwa mpigo, katika raundi ya 3: namba 98 na namba 99.