Ombi lililokwama: seva iko hai, jibu haliji

Ombi lililokwama ni ombi ambalo seva imelipokea, haijalikataa, wala haijalijibu. Ombi likifeli unapata angalau namba ya kosa ya kuanzia nayo: 404, 500, 502. Likikwama hupati chochote. Kiduara cha kivinjari kinazunguka, logi ziko kimya, na ukichungulia seva mara nyingi unakuta CPU imetulia na memori ipo tele. Ni sawa na kuagiza chai mgahawani, mhudumu akaitikia "inakuja", kisha akatokea mlango wa nyuma akaenda zake.

Tuchukue Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, maana huko jambo hili linaonekana vizuri. Seva ya Node haina namna ya kujua kwamba kazi yako imekwisha. Inangoja msimbo wako uite res.send au res.end, yaani amri za kutuma jibu na kulifunga. Njia yoyote ndani ya msimbo isiyofika hapo inaliacha ombi likining'inia, na muunganisho unabaki wazi hadi mmoja wa pande mbili aukate.

Sasa kwa nini mambo haya mara nyingine huibuka baada ya kupandisha toleo la Node, wakati jana yake kila kitu kilienda sawa? Mara nyingi kasoro ilikuwepo siku zote, ila kulikuwa na kitu kinaifunika. Hadi Node 12, seva ya HTTP ilikuwa inakata yenyewe muunganisho uliokaa kimya kwa dakika 2. Kuanzia Node 13 kikomo hicho kiliwekwa 0, yaani hakipo. Aliyehama kutoka 12 kwenda 14 aliona maombi yaliyokuwa yakifa kimyakimya sasa yanarundikana, akadhani toleo jipya ndilo limeyaleta.

Mara nyingine, lakini, toleo jipya lina mkono kweli. Node 14 ilipotoka Aprili 2020, waliokuwa wanatumia maktaba ya pg, toleo la chini ya 8.0.3, kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL walikwama palepale. Kabla ya kuunganisha, pg ilikuwa inaiuliza soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) hali yake: ikisema "closed", inaiunganisha, ikisema "open", inahesabu kwamba kazi hiyo imeshafanyika. Node 14 ikabadilisha jibu. Soketi mpya kabisa, isiyounganishwa popote, ikajitangaza kuwa "open", na pg ikaamini. Hifadhidata haikupigiwa hodi hata mara moja, na hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu kila upande uliona umetimiza wajibu wake. Dawa ilikuwa kupandisha pg tu, bila kugusa mstari wowote wa msimbo wako. Ndiyo maana maktaba zinazogusa mtandao hukaguliwa kwanza, kabla hujaanza kufukua kazi ya mikono yako.

Katika kutafuta, anza na curl -v, amri ya kutuma ombi ukiwa kwenye terminal, moja kwa moja kwenye poti (port) ya programu, ukiiruka Nginx, seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapeleka kwa programu. Mistari yenye alama > ndiyo uliyotuma. Yenye < ndiyo uliyojibiwa. Ukiona > zote zimetoka na hakuna < hata moja, mtandao umefanya kazi yake na shida iko ndani ya programu. Kisha jaribu njia ndogo (anwani ya URL ndani ya programu yako) isiyogusa hifadhidata, inayorudisha "ok" tu. Ikijibu haraka wakati nyingine zimelala, Node iko macho na wa kushukiwa ni hifadhidata au huduma ya nje. Nayo ikilala huku CPU imepanda, kuna hesabu nzito au mzunguko usioisha ulioshika uzi mkuu, ule mmoja ambao Node huendeshea msimbo wako.

Kwa upande wa hifadhidata, tazama pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya miunganisho iliyopo. Usipoiona programu yako kabisa, haijawahi kufika, kama kwenye kisa cha Node 14. Ukikuta miunganisho 10 imekaa "idle in transaction", yaani imefungua muamala na haifanyi kitu, imeazimwa na haijarudishwa. Bwawa la miunganisho la pg lina nafasi 10 usipobadilisha, na connectionTimeoutMillis yake, kikomo cha kungoja nafasi, ni 0, yaani hakipo, kwa hiyo ombi la 11 litangoja milele bila kulalamika. Iwekee sekunde chache, ukimya utageuka kosa unaloweza kulisoma.

Kuna jambo linalopoteza watu muda mwingi: namba 504 inayotokea kwenye sekunde ya 60. Hiyo ni Nginx, ambayo proxy_read_timeout yake, muda wa kusubiri jibu la programu, ni sekunde 60 usipoigusa. Inakwambia nani amechoka kusubiri, haikwambii nani amekwama. Kuipandisha hadi 300 kwa ombi ambalo halitajibiwa kamwe ni kumtesa mtumiaji dakika 4 zaidi.

Na ukiwa bado kwenye Express 4, toleo la fremu maarufu ya kujengea seva za Node, pitia kila kitendaji cha async, yaani kinachongoja kazi nyingine kwa neno await. Kikitupa kosa baada ya await bila try/catch, Express haina habari na jibu haliendi. Kwenye Node 14 utaona onyo tu kwenye logi huku ombi limeganda. Kuanzia Node 15 kosa hilohilo linaangusha mchakato mzima. Express 5 hulikabidhi kosa hilo kwa kishughulikia makosa, na mteja akapata 500 yake.